Shangazi, wananipeleka kula sushi na mimi samaki mbichi siwezi

Shikamoo Shangazi. Naomba unisaidie haraka maana siku imekaribia na mi tumbo joto. Kazini kwetu kuna mwenzetu anahamia idara nyingine, basi watu wakasema tumuage kwa chakula cha usiku, nikasema safi kabisa, kuja kusikia wamechagua sehemu ya sushi. Wote wazoefu eti. Kwenye grupu la WhatsApp wanataja majina ya vyakula mpaka naona aibu, mi nimekaa kimya natupia emoji ya kucheka tu.

Sijawahi kula sushi hata siku moja. Sio kwamba ni mtu wa kuchagua vyakula, hapana, nakula vizuri tu, ila samaki mbichi nikimuwaza tu koo linafunga. Alafu naogopa minyoo, kuna video nliiangalia usiku ya mtu anatolewa mnyoo tumboni nikakosa usingizi. Vijiti navyo sijui vinashikwaje. Kingine, pombe situmii kabisa na kuna mtu kaniambia ule wali wanautia pombe, sijui kweli au alikuwa ananitisha.

Na hapo sijamtaja mpenda utani wetu. Safari iliyopita walienda na kijana mgeni, huyu bwana akamwambia ile kitu ya kijani pembeni ya sahani ni parachichi lililopondwa, chota nyingi. Dogo machozi, makamasi, kikohozi, na video ipo kwenye grupu mpaka leo watu wanairudia. Mi sitaki kuwa video ya pili.

Nimewaza nijifanye naumwa, lakini anayeagwa ni mtu wangu wa karibu, nitakuwa nimemkosea. Au nile nyumbani nishibe kabisa alafu pale niagize soda nikae nao? Na kama ni kula, naagiza nini Shangazi, maana menyu niliifungua kwenye simu nikaifunga palepale. Na dada mmoja kati yetu ana ujauzito, kaniuliza kama na yeye anaweza kula, nikamwambia subiri nikuulizie.

Wako, Tumbo Joto

*

Marahaba mwanangu. Kuumwa usiumwe na kushiba nyumbani usishibe, nenda na njaa yako kama wenzio. Kwanza mtu aliyeshiba ndo anaona kila kitu kinanuka. Pili, mtu anayekaa na soda yake huku wenzake wanakula ndo huyo huyo ambaye mpenda utani atamuona kwanza.

Sasa nikutoe hofu kubwa. Wewe unavyosema sushi kichwani unaona nyama ya samaki mbichi. Sushi ni wali. Wali mweupe uliopikwa ukachanganywa na siki, sukari na chumvi, basi, hiyo ndo shughuli yenyewe, na kinachowekwa juu au ndani kinaweza kuwa samaki mbichi, samaki aliyechomwa, kamba wa kuchemsha, yai, tango, parachichi, chochote. Vile vipande vya samaki mbichi vitupu bila wali unavyoviona kwenye picha vinaitwa sashimi na vinaagizwa kivyake, hakuna atakayekuwekea mdomoni. Kwahiyo unaweza ukakaa pale usiku mzima, ukala sushi ukashiba, na usiguse kitu kibichi hata kimoja, na yeyote atakayesema hukula sushi huyo ndo hajui.

Tuje kwenye menyu uliyoifunga. Ifungue tena tuisome wote, maana majina ni mengi ila maumbo ni machache. Nigiri ni kitonge kidogo kirefu cha wali kilichobanwa kwa mkono, juu kimelazwa kipande kimoja cha kitu, mara nyingi vinakuja viwili viwili. Maki ni ile iliyoviringishwa kwenye karatasi ya mwani mkavu ikakatwa vipande, kawaida sita au nane. Kuna ambayo wali uko nje na mwani uko ndani, inaitwa uramaki, na hizo ndo nyingi zenye majina ya mbwembwe. Temaki ni koni ya mwani unashika mkononi unang'ata. Ukishajua hayo yanayobaki ni kuuliza ndani kuna nini.

Kama ningekuwa nimekaa pembeni yako ningekuagizia hivi. Tuanze na edamame za kula pamoja mezani, hizo ni soya changa zinachemshwa na maganda yake na kunyunyiziwa chumvi, na tafadhali usitafune ganda, watu wengi wa mara ya kwanza wanatafuna ganda wanakaa nalo mdomoni dakika tano wanashindwa kulimeza na wanashindwa kulitema. Unaweka ganda mdomoni, unalibana kwa meno, mbegu zinateleza zinaingia, ganda unalirudisha kwenye bakuli. Na supu ya miso, yaani ya soya iliyosagwa ikachachushwa, bakuli linanyanyuliwa kwa mkono unakunywa, kijiko sio lazima.

Alafu roli moja ya California. Wazoefu watakucheka kidogo, waache. Ndani kuna parachichi, tango na kaa, na huyo kaa mara nyingi sio kaa, ni nyama ya samaki mweupe iliyosagwa ikapikwa ikatengenezwa vijiti na kupakwa wekundu kwa nje. Yaani imeshapikwa tayari. Ukiwa na mzio uliza, maana ndani yake kunaweza kuwa na ngano, yai, hata kaa kidogo. Roli hii ilizaliwa Amerika Kaskazini na wapishi wanagombania nani aliianza, wengine wanasema Los Angeles, wengine Vancouver, ila kazi yake toka mwanzo ilikuwa hiyo hiyo ya kumkaribisha mtu asiyeijua sushi, kwahiyo ukiiagiza hujafanya ushamba wowote, unatumia mlango uliowekwa kwa ajili yako.

Baada ya hapo chukua nigiri mbili tatu za vitu vilivyopikwa. Ebi ni kamba wa kuchemsha, tamu, laini, haina mshtuko wowote, ila angalia isije ikawa amaebi maana huyo ni mbichi. Tamago ni yai lililokaangwa kwa tabaka tabaka na sukari kidogo. Tako ni pweza, na kawaida ameshachemshwa, ila anataka meno. Na kipenzi changu mimi kwa mtu mgeni ni unagi, huyu ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anachomwa anapakwa sosi nzito tamu inayong'aa, anakuja bado wa moto kidogo, na kawaida hutamuona mbichi kwa sababu damu ya mkunga mbichi ina sumu ambayo moto ndo unaiua. Mtu anayesema hawezi sushi mpe unagi kwanza alafu ndo muendelee na mazungumzo.

Ila chunga roli zenye majina makubwa makubwa. Dragon mara nyingi ina mkunga na parachichi, hiyo sawa kwako, lakini Rainbow juu yake kumepangwa vipande vya samaki wabichi rangi rangi, na spicy tuna ni jodari mbichi aliyekatwakatwa akachanganywa na mayonezi na pilipili, ile pilipili inakudanganya unadhani kimepikwa. Mhudumu anaulizwa hivi tu, "ndani kuna nini na juu kuna nini?" Anaulizwa kila siku, hashangai.

Sasa mwanangu, mi ningependa uonje kibichi kimoja. Sikulazimishi, koo ni lako. Ila ukirudi nyumbani bila kuonja hata kimoja utaendelea kumuogopa samaki uliyemtengeneza mwenyewe kichwani, ambaye ni mbaya kuliko yule wa kwenye sahani. Agiza jozi moja ya samoni, kimoja ule wewe kimoja ale huyo rafiki yako anayeagwa. Samoni ana mafuta, ni laini, anakaribia kuyeyuka, na wala hanuki. Ikitokea ananuka ushombo mkali usile, sio wewe mwenye tatizo, ni samaki. Ukipenda nyama iliyokaza kidogo kuna jodari mwekundu, maguro, huyo ladha yake ni safi sana. Siku ya kwanza wapishe uni, ikura, na ngisi mbichi. Uni ni ile sehemu ya ndani ya urchini, yule kiumbe wa baharini wa duara mwenye miiba mwili mzima, ya njano, laini mno, hata wapenzi wa sushi wamegawanyika juu yake. Ikura ni mayai ya samoni, yanapasuka mdomoni yanamwaga maji ya chumvi, na kwa mtu mwenye hofu kitu kupasuka mdomoni sio mwanzo mzuri. Ngisi unatafuna unatafuna mpaka unaanza kufikiria.

Na kipande kinaliwa chote kwa mkupuo mmoja. Usikikate kwa meno ukabaki na nusu, kinaachia wali unamwagika na samaki ananing'inia na hapo ndo unaanza kumuangalia sana.

Minyoo sasa. Ile video inawezekana ni ya kweli, mnyoo yupo, anaitwa anisakis, anakaa kwenye samaki wa baharini, na mtu akimmeza hai anaweza kupata maumivu makali ya tumbo na kutapika ndani ya masaa machache. Sitakudanganya hayupo. Ila dawa yake inajulikana, ni baridi. Mwongozo wa Marekani unataka samaki wa kuliwa mbichi akae kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku 7, au agandishwe kwa nyuzi 35 chini ya sifuri na akae humo masaa 15, na Ulaya wanataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa masaa yasiyopungua 24. Kuna samaki wanaosamehewa hilo, mfano baadhi ya jodari, na wale wa kufugwa wanaolishwa chakula maalum. Kwahiyo huyo "freshi" unayemuogopa mara nyingi ameshaganda akaganduliwa, na hiyo ni habari njema. Hata samoni mbichi unayemuona kila mahali leo, Wajapani zamani walikuwa hawamli mbichi kwa sababu ya hao hao minyoo, walikuwa wanampika au kumtia chumvi, mpaka miaka ya 1980 Wanorwe walipoanza kuwapelekea samoni wa kufugwa na kuwashawishi kwamba huyu analika hivyo hivyo.

Lakini baridi inaua minyoo, bakteria haiwamalizi, ndo maana sehemu yenyewe ni muhimu. Sehemu yenye watu wengi samaki wanaisha haraka. Ukiona vipande vimelala kwenye sahani tangu sijui saa ngapi, kingo zimekauka, rangi imefifia, kula tango lako kwa amani. Na ukishanogewa usije ukanunua samaki yeyote sokoni ukamkata mbichi nyumbani kisa una friza, friza nyingi za nyumbani hazifiki baridi hiyo wala hazikai nayo.

Haya, kitu cha kijani. Inaitwa wasabi, na nyingi unayoletewa hata sio wasabi, ni mzizi mwingine mkali mweupe uliochanganywa na haradali ukatiwa rangi. Wasabi wa kweli ni ghali, unakwanguliwa palepale na ukali wake unapotea ndani ya robo saa hivi. Yote mawili ukali wake hauishii ulimini, unapanda puani unakufungua kichwa, ndo kilichomkuta yule dogo. Wewe gusa kwa ncha ya kijiti, kiasi cha punje ya mchele, uonje peke yake ujue ni nini, basi umemaliza. Ujue pia kwamba kwenye nigiri mpishi mara nyingi ameshaweka kidogo kati ya wali na samaki, kwahiyo kama hutaki kabisa sema wakati wa kuagiza, bila wasabi, hata Japani watoto wanaagiziwa hivyo. Ikikupanda bahati mbaya, usikimbilie maji, vuta hewa kwa pua toa kwa mdomo, inapita haraka kuliko pilipili.

Kuhusu huyo bwana wa video, usimsubiri. Mtumie ujumbe anayeandaa shughuli, mwambie mi mgeni wa hii kitu naomba nikae karibu na wewe. Hilo tu. Na huyo mtani akikusogezea kijani mbele ya watu mwangalie usoni cheka kidogo mwambie "anza wewe kaka, mi nakufuata", na simu yako iwe mkononi. Na hata huo ugeni wako usiufiche, mtu anayesema mezani "jamani mi ndo mara ya kwanza" anapata walimu watano na utani unaisha nguvu, anayejifanya anajua ndo anayepewa kijiko kizima.

Vijiti ni rahisi kuliko unavyodhani, kimoja cha chini kinalala kwenye uvungu wa kidole gumba na kupumzika juu ya kidole cha pete, hicho hakitembei kabisa, cha juu unakishika unavyoshika kalamu na ndo kinachofungua na kufunga. Kosa la wengi ni kuvitembeza vyote viwili. Ikishindikana nigiri inaliwa kwa mkono na hakuna kosa, maana hiyo nigiri ilianzia kwenye vibanda vya mtaani Edo, ambayo sasa ni Tokyo, miaka ya 1800 mwanzoni, watu wenye haraka zao wanashika wanakula wanaondoka. Usichome tu vijiti visimame kwenye wali, na usipokezane chakula kijiti kwa kijiti na mwenzio, yote mawili kwa Wajapani yanakumbusha msiba. Sosi ya soya mimina kidogo sana kwenye kisahani, geuza nigiri uchovye upande wa samaki, ukichovya wali unanyonya chumvi yote na kusambaratika. Unagi hachovywi, ana sosi yake. Ile tangawizi nyembamba ya pinki unakula katikati ya kipande na kipande kusafisha mdomo, haiwekwi juu.

Pombe, huyo mtu hakukutisha bure. Wali wenyewe kimsingi ni siki, sukari na chumvi, lakini kuna wapishi wanaongeza mirin au sake, ambazo ni pombe za mchele, na sosi ya mkunga kwa kawaida ina mirin. Hata sosi ya soya ikichachushwa inatengeneza kiasi kidogo, na baadhi ya kampuni wanaongeza ili isiharibike. Piga simu mapema uulize jikoni, usisubiri ufike mezani, na kama hutaki kabisa basi unagi niliyokusifia iache, chukua ebi na tamago lakini na hiyo tamago uliza, nayo wengine wanaitia mirin. Na usishtuke ukiona "sake" kwenye orodha ya nigiri, hapo ni samoni, ile ya kwenye orodha ya vinywaji ndo pombe.

Dada mjamzito mwambie aje na ale, ila vya kupikwa na vya mboga tu, tango, parachichi, kamba, yai lililoiva vizuri. Marekani wanashauri mjamzito asile samaki mbichi kabisa, Uingereza wanaruhusu kwa masharti ya kugandishwa, mi kwenye mambo hayo nasimama na wenye woga. Jodari wakubwa nao wana zebaki, hata wakipikwa asiwaendekeze. Akitaka zaidi ya hapo amuulize daktari wake, sio mimi.

Usiagize vyote kwa pamoja. Anza na hiyo roli na jozi moja, kula, sikia tumbo linasemaje, alafu ongeza, maana wali ule umebanwa na unashibisha taratibu bila kukuambia. Na vikibaki vya samaki mbichi usiombe ufungiwe vya kesho asubuhi, roli ya tango unaweza kubeba ukala usiku huo huo ukifika, ukiiweka kwenye friji wali unakuwa mgumu na mwani unalegea kama karatasi iliyolowa. Nisalimie huyo anayehama.

Shangazi